Gillespie hakuwa mashavu tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, imetumia nafasi kubwa kueleza mashavu yake yaliyofura na tarumbeta yake iliyopinda kuelekea juu. Ni kweli kwamba chombo hicho kilipindika kwa ajali katika tafrija jijini New York mwaka 1953, naye akaipenda sauti yake hata akaagiza kingine cha umbo hilohilo. Lakini kufikia hapo kazi yake kubwa ilikuwa imekwisha kusikika, na ninyi mmeitengea aya moja.

Mzaliwa huyo wa Cheraw, South Carolina, aliyeanzisha bibopu, mtindo wa jazi wenye kasi na sauti tata, pamoja na mpiga saksafoni Charlie Parker, alikuwa pia mwalimu: aliwahimiza vijana, Miles Davis akiwemo, wajifunze piano ili waelewe jinsi sauti zinavyopangwa. Mwaka 1947, wakati bendi kubwa nyingi zilikuwa zimevunjika kwa ukata, alimwingiza katika yake mpiga ngoma za konga kutoka Cuba, Chano Pozo, na ingawa Pozo aliuawa mwaka uliofuata, ngoma zile hazikutoka tena katika jazi.

Ninachoona mmekikosea zaidi ni ziara ya 1956, mliyoiita matembezi ya burudani. Serikali ya Marekani ilimtuma na bendi yenye weusi na weupe kwenda Iran, Pakistan, Syria, Uturuki na Ugiriki, ili kujisafisha mbele ya dunia huku ubaguzi ukiendelea nyumbani. Gillespie alikubali kwenda, ila alikataa kuhudhuria kikao cha kuelekezwa namna ya kuzungumzia ubaguzi huo, kwa kuwa aliujua kuliko waelekezaji. Katika bendi hiyo alimchukua Melba Liston, mpiga tromboni na mtunzi mahiri, ambaye baadaye alisimulia jinsi baadhi ya wanaume walivyonung'unika kuletewa mwanamke, mpaka kiongozi wao alipowagawia karatasi za muziki alioupanga Liston, wakashindwa kuupiga bila kukosea. (Nadhani huo ndio uongozi.)

Tena mwaka 1973 Gillespie alipiga Nairobi, katika maadhimisho ya miaka 10 ya uhuru wa Kenya. Huenda waliomsikia usiku ule wapo miongoni mwa wasomaji wenu, nami naomba mwatafute na kuwahoji wangali hai.

Msomaji wenu,
Mombasa