YAH: MALALAMIKO KUHUSU FILA NA NYUZI ZA PUA, TAWI LENU LA DODOMA

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Poleni na kazi. Jina langu na risiti mnavyo kwenye faili, na utaratibu wenu mnaujua kuliko mimi maana ile fomu niliyosaini mmeiandika wenyewe, kwa hiyo sirudii. Naandika kwa heshima. Nimesubiri siku tisa hasira ipungue ndo niandike, haijapungua, basi naandika hivyo hivyo.

Jumatano nilikuja kurekebishiwa pua. Nina kanundu hapa katikati tangu nidondoke na bodaboda njia ya Nkuhungu, dokta wenu akasema kisu cha nini, anaweka fila, ile sindano ya kujaza chini ya ngozi, juu na chini ya kanundu mgongo unyooke, halafu nyuzi mbili za PDO, zile zinazoyeyuka zenyewe mwilini, kuinua ncha, nusu saa naenda zangu. Laki sita na nusu. Hela ya mchezo hiyo jamani, zamu niliyoisubiri miezi kumi. Na kweli pua ilinyooka, nilipanda bajaji najiangalia kwenye kamera ya simu mpaka nyumbani, mjinga mimi.

Alhamisi nikarudi. Nimefika mapokezi saa nne, pua inauma kama imewekewa kaa la moto, ncha imekuwa na rangi ya zabibu ambazo hazijaiva, na madoa kama wavu yanapanda kuelekea kwenye jicho. Naongea na yule dada wa mezani taratibu kabisa, namwambia naomba kumuona dokta. Akaniangalia akasema, "Dokta yuko Dar mpaka Jumatatu, halafu pua ni yako dada, sisi tulikupa ulichotaka." Nikamwambia inauma. Akasema, "Basi kaa kule nje, hapa unatutishia wateja."

Nikatoka nikakaa kwenye benchi.

Hapo sijagusia meseji ya Jumatano usiku. Saa tano usiku niliwatumia picha, ncha ya pua nyeupe pee, nikajibiwa "ni kawaida mpenzi weka barafu". Nimeweka barafu usiku kucha! Daktari wa ngozi aliyekuja kunitibu alishika kichwa, akasema palitakiwa joto, barafu inazidi kubana mishipa, na weupe ule maana yake damu haifiki kwa sababu fila imeingia kwenye mshipa au imeukandamiza. Akanibonyeza pua na kidole akahesabu sekunde rangi irudi, hairudi. Kipimo cha kidole tu hicho, hakitaki mashine, na kwenu hakuna hata mmoja aliyenibonyeza. Akaniambia mishipa ya pua inaungana na ya jicho, kuna watu wamepofuka kwa sindano ya pua. Mlijua hilo? Kama mlijua mbona nimelisikia kwa mtu mwingine?

Na nirudie lile la benchi maana naona mtalipita haraka. Benchi lenyewe liko nyuma pale kwenye simtanki, halina kivuli, na upepo wa Dodoma mnaujua, vumbi lote linaishia usoni. Nimekaa pale saa nne mpaka saa sita kasoro nimejifunika mtandio kama niliyeiba, wateja wanapita wananichungulia, na mlango ulikuwa wazi nikamsikia yule dada anamwambia mwenzake "si alitaka pua ya kizungu" wakacheka. Nani alitaka pua ya kizungu? Niliwaambia kanundu! Kanundu ka bodaboda! Aliyenionea huruma ni mlinzi wenu tu, alinletea maji akaniambia "mama usikae hapa, nenda hospitali", na naomba msije mkamfukuza kwa kusoma hii barua, ndo mtu pekee mwenye akili pale. Mtu kaja na jicho lake liko hatarini, mnamuweka nje na simtanki ili asiharibu biashara.

Halafu dawa ya kuyeyusha fila ipo, inaitwa hayaluronidesi. Nilipowapigia simu kuuliza kama mnayo nikaambiwa "hatutumiagi". Yaani mnachoma sindano kila siku na cha kuokolea hamna? Dada yangu ndo aliitafuta Dar, ikaja na treni ya SGR kwenye kiboksi cha barafu, nikachomwa saa mbili usiku. Jicho limepona. Ncha ya pua imechubuka na kovu litabaki. Nyuzi zenyewe hiyo dawa haiziyeyushi, nimeambiwa nisubiri kama miezi sita ziishe zenyewe, kwa hiyo nitatembea na kazi yenu usoni mpaka hapo.

Ninachotaka ni laki sita na nusu yangu. Wakati naanza kuandika nilitaka hiyo tu, ila sasa nimeshaandika mpaka huku nataka na gharama za dawa, nauli, daktari, na siku tisa ambazo sijafungua duka. Na yule dada aniombe msamaha kwa maandishi, sio meseji ya "samahani mpenzi". Na mniandikie jina la fila mliyonichoma na namba ya boksi lake, maana nilipouliza niliambiwa ni "ya Korea", Korea ni nchi sio dawa.

Nawapa siku saba. TMDA, wale wanaodhibiti dawa na vifaa tiba, makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma, nitawapelekea picha zote wawaulize hizo fila na nyuzi zimesajiliwa wapi. Baraza la Madaktari nitawaandikia kuhusu dokta wenu, nione kama anatambulika. Na Wizara ya Afya iko Mtumba, daladala tu, nitaenda na pua yangu hii hii bila mtandio.

Nilisema siku saba, fanyeni tano.

Mteja wenu wa Jumatano, yule wa kwenye simtanki.