Risala ya Vijana wa Resi za Ngalawa, Nungwi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Wazee wetu, manahodha na mafundi wa vyombo,
Wageni waalikwa,
Assalamu aleikum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha pwani hapa. Ahsante, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kutuona.

Sisi ni vijana wa kike na wa kiume tunaoshindana kwa ngalawa. Kushika usukani na kuujua upepo tumefunzwa na wazee waliokaa mbele yako. Lakini mwaka huu tulijiuliza: huyo anayekwenda Olimpiki kwa tanga, anafikaje huko? Ndipo tukaanza kusoma habari za Paul Elvstrøm wa Denmark.

Bwana huyu alichukua dhahabu 4 mfululizo: 1948, 1952, 1956 na 1960. Iliyotushangaza ni ile ya kwanza, Torquay, Uingereza, maana resi ya mwanzo hakuimaliza. Kwetu angekuwa keshatoka. Kule ni resi nyingi kwa siku kadhaa, matokeo hujumlishwa, na ile mbovu kuliko zote hutolewa. Kijana wa miaka 20 akarudi majini siku zilizofuata, na dhahabu ikawa yake.

Halafu mazoezi. Katika vyombo vidogo kama Finn, nahodha hunasa miguu kwenye mkanda akatoa kiwiliwili chote nje ya ubavu, chombo kisilale. Mliowahi kukalia mrengu kusi ikivuma mnajua mapaja yanavyowaka. Elvstrøm alijitengenezea benchi nyumbani, akawa anajinyoosha juu yake nchi kavu. Na sisi tumeunga letu kwa vipande vya mwembe alivyobakisha fundi. Hadi leo halijapata mwenye kulipenda.

Alishiriki Olimpiki 8, na mwaka 1984, akiwa na miaka 56, alishika nafasi ya nne kwenye Tornado, chombo cha watu wawili, pamoja na binti yake, Trine. Wazee wenye mabinti, hilo tunaomba mlisikie vizuri. Na si mambo ya Wazungu tu: dada Deizy Nhaquile wa Msumbiji, jirani zetu, alishindana Olimpiki ya Tokyo katika Laser Radial, yaani Laser yenye tanga dogo.

Mheshimiwa, tatizo letu ni chombo. Laser, ambayo siku hizi huitwa ILCA, ina urefu wa mita 4.23, huendeshwa na mtu mmoja, na zote hutengenezwa sawasawa. Ukishindwa, umeshindwa wewe. Ngalawa zetu kila moja ina fundi wake, na resi ikimalizika ugomvi huwa ni wa fundi. Mafundi mpo hapa, mtuwie radhi.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata ILCA mbili, hata zikiwa zimeshatumika, pamoja na jaketi za kuokolea maisha. Tunaomba pia utuombee KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo baharini, watufunze uokozi na wawepo na boti siku za resi. La mwisho halina gharama kubwa, ni wakubwa kukubali tu: resi ya sikukuu iwe ya siku tatu, matokeo yajumlishwe.

Mheshimiwa, maji yameanza kupwa na ngalawa zinakusubiri uzipulizie filimbi.

Tunaomba kuwasilisha.