Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Ulipoingia umepita kando ya kiwanja kilichosawazishwa, penye mahindi mafupi yenye majani ya zambarau. Ni ya klabu yetu. Tuliyamwagilia kwa zamu, yakadumaa vilevile, na hapo ndipo tulipoanza kuuliza maswali.

Mheshimiwa, ndani ya mizizi ya mimea mingi huishi kuvu zenye faida (si zile za mkate uliochacha). Nyuzi zake ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, hivyo hupenya mahali mzizi usipofika na kuuletea mmea maji na hasa kirutubisho cha fosforasi. Mmea nao hulipa kwa sukari. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank aliuita ushirika huu mikoriza, ingawa wenyewe ni wa kale mno: mabaki yake yamekutwa katika mawe ya Scotland yenye umri wa takriban miaka milioni 400. Kabichi na ndugu zake hawamo katika ushirika huo.

Jembe linapotifua shamba hukata nyuzi hizo, na mche mchanga hukosa mtandao wa kujiunga nao. Mbolea ya fosforasi ikizidi, mmea hupunguza sukari unayotoa. Lakini kwetu aliyeharibu zaidi ni tingatinga. Lilikwangua udongo wa juu, wenye rutuba na kuvu nyingi, likaulundika. Kuvu hizi haziwezi kujilisha zenyewe. Lundo likikaa miezi bila mzizi hai, kuvu hupungua sana. Na kwa kuwa mbegu zake ni kubwa kuliko za kuvu nyingi na hukaa ardhini, upepo hausaidii sana kuzirudisha.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Udongo ule bado uko nyuma ya maktaba. Tunaomba gari la kuurudisha kabla ya msimu wa kupanda. Tutauchanganya na udongo kidogo wa chini ya nyasi za uani, ambako jembe halijafika, kisha tupande kunde bila kutifua. Pili, ujenzi wa bweni ukianza, mafundi walundike udongo wa juu katika malundo mafupi na kuupanda nyasi.

Naomba kuwasilisha.