Kwa Dada Zubeda: Kabla Hajati hajaruhusiwa tena

Walukuba, Jinja
Jumapili jioni

Mpendwa Dada Zubeda,

Assalam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta wewe na watoto mkiwa salama huko Arua, na kwamba mguu wa Baba Amina umepata nafuu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Hajati. Nilikusudia kukuandikia barua ndefu ya kukupongeza kwa kukabidhiwa uongozi wa wodi, na hongera hizo nakupa kwa moyo wote, lakini itanibidi nizifupishe kwa sababu Hajati anatarajiwa kuruhusiwa kutoka hospitali kwa mara ya pili mwishoni mwa juma hili, nami nauhitaji ushauri wako kabla hajatoka.

Najua Mama Rukia amekwisha kukupigia simu akakueleza kwamba Hajati alivunjika nyonga. Yaliyofuata sidhani kama alikueleza yote. Tuliambiwa tununue vyuma vya upasuaji, fedha hazikupatikana, na mguu ukavutwa kwa vizito palepale kitandani kwa majuma mengi mpaka mfupa ukaunga. Kwa hilo siwalaumu madaktari wala masista. Walimtunza kwa bidii katika wodi ambayo usiku sista mmoja huangalia wagonjwa wengi kupita kiasi, nawe unaijua hali hiyo kuliko mimi. Lawama yangu iko juu ya siku ile ya kuruhusiwa. Daktari alipita asubuhi, akatia saini fomu, na kufikia saa sita kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Maelezo yote, ya dawa, ya mazoezi na ya siku ya kurudi kliniki, alipewa Baba Swabra, kwa kuwa ndiye mwana mkubwa, ndiye aliyekuja na gari, na ndiye asomaye Kiingereza vizuri. Alisikiliza kwa adabu, akamfikisha mama yake nyumbani, akalala usiku mmoja, kisha akarejea kazini Kampala, na maelezo yale yakaondoka pamoja naye.

Aliyebaki na Hajati ni Shamim. Huyo ndiye aliyelala juu ya mkeka kando ya kitanda cha bibi yake muda wote ule, akimwogesha, akimlisha na kufua mashuka, lakini saa ile maelezo yanatolewa alikuwa ametumwa nje kukusanya sufuria na mabeseni. Dada, hilo ndilo linaloniuma, na ndilo nitakalolirudia mpaka unichoke: hospitali zetu humweleza mwenye sauti katika ukoo, ilhali mgonjwa anakwenda kuishi mikononi mwa mwingine.

Tazama jambo la dawa peke yake. Hajati amemeza nifedipini ya presha kwa miaka mingi, na vidonge vyake hukaa katika kopo la majani ya chai juu ya kabati. Wodini walimbadilishia wakampa amlodipini, ambayo ni ya jamii ileile na kazi yake ni ileile ya kulegeza mishipa ya damu. Hakuna aliyeuliza nyumbani kuna dawa gani. Shamim aliona kopo la zamani na bahasha mpya, akampa bibi yake dawa zote mbili, kwa sababu hakuna kiumbe aliyemwambia kwamba moja imechukua nafasi ya nyingine. Juu ya bahasha ya dawa ya maumivu paliandikwa kwa kalamu 2 x 3, naye aliniuliza kwa unyenyekevu kabisa kama ni vidonge viwili mara tatu au vidonge vitatu mara mbili. Mtoto mwenye akili ya kuuliza hivyo angeweza kufundishwa yote kwa dakika chache. Presha ya Hajati ilishuka, na alipoinuliwa aketi ukingoni mwa kitanda akashikwa na kizunguzungu, akaanguka. Mungu ni mkubwa, mfupa haukuvunjika tena. Wakati wa kumnyanyua ndipo nilipokiona kidonda juu ya makalio, mahali ambapo mfupa hugandamiza godoro, kipana kama kifuniko cha chupa na cheusi katikati. Kilianza wodini, kwa maana Shamim alikuwa akikifunika kwa kitambaa tangu huko, lakini fomu ya kuruhusiwa haikukitaja hata kwa neno moja.

Basi akarudishwa hospitali, na safari hii akili yake ikavurugika. Asubuhi alitutambua sote, ila jioni alimwita marehemu mumewe na kuuvuta mpira wa mkojo. Jamaa walisema ni jini, shekhe akaletwa, na mimi sina neno dhidi ya dua. Lakini nilikumbuka ulivyotufundisha mwaka ule wa msiba wa Mzee: mzee anayebadilika ghafla, akawa mzima asubuhi na mwingine jioni, atafutiwe maambukizi, apimwe kama amepungukiwa maji, aulizwe habari za choo, na dawa zake zikaguliwe. Niliomba mkojo upimwe, maambukizi yakaonekana, akatibiwa. Sasa anatutambua kutwa nzima isipokuwa magharibi inapoingia. Sista mmoja aliniambia kwamba hali hiyo huweza kuchukua majuma kabla ya kwisha kabisa, na nilimshukuru, ingawa alinijibu tu kwa sababu niliuliza. Nyumba ambayo haina mtu wa kuuliza ingeendelea kumfunga mzee wake kamba usiku.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya siku hizi zilizo kati ya wodi na nyumbani. Huko Marekani, muuguzi na profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Mary Naylor, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1999 utafiti juu ya wazee wa miaka 65 na zaidi. Kundi moja lilipewa muuguzi mmoja aliyemjua mgonjwa tangu wodini, akamfuata nyumbani na kuendelea kumtembelea na kumpigia simu kwa majuma manne. Baada ya majuma 24, katika kundi lililoruhusiwa kwa namna ya kawaida watu 37 katika kila 100 walikuwa wamelazwa upya angalau mara moja, na katika kundi la muuguzi walikuwa 20. Nimelifikiria sana jambo hili, na ninavyoona mimi siri yake ilikuwa mtu mmoja mwenye kujibu, anayejulikana kwa jina, kuliko mashine au dawa yoyote mpya. Hajati alipotoka lango la hospitali alikuwa kama mzigo ulioteremshwa steji bila jina la mwenyewe.

Nimesoma pia utafiti wa mwaka 2007, wa Marekani vilevile, ambao wazee wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10, na katika siku hizo chache walipoteza takribani kilo nzima ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima! Pima basi miguu ya mtu aliyevutiwa mfupa kwa majuma. Kwa hiyo anaposhindwa kusimama si uvivu wala kudeka, kama Baba Swabra anavyomwambia kwenye simu, na ningependa uniandikie hilo kwa mkono wako ili nimsomee, maana maneno ya mtu wa hospitali huyasikia.

Usiniambie kwamba mambo ya kumfuata mgonjwa nyumbani ni ya nchi tajiri. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, imekuwa ikiwatuma wauguzi majumbani kwa wagonjwa wa saratani wakiwa na chupa za mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, na mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa kazi hiyo waruhusiwe kuiandika dawa hiyo wao wenyewe. Anayekaribia kufa tumeweza kumfikia mlangoni kwake. Mzee anayeweza kupona tunamwacha ajitafutie njia. Hapa mtaani tunao pia watu wa timu ya afya ya kijiji, VHT, wanaopita nyumba kwa nyumba. Huuliza habari za wajawazito, za homa na za kuharisha kwa watoto walio chini ya miaka mitano, na wameokoa wengi, hilo silipingi. Lakini aliyekuja kwa Hajati alisimama uani, akaambiwa nyumba hii haina mtoto mchanga, akaandika katika daftari lake, akaenda zake. Swali moja tu la kuongeza, je, kuna mzee aliyetoka hospitali, lingemfikisha kwenye chumba chenye kidonda kile. Nimekwisha zungumza na mwenyekiti wa LC wetu, yaani baraza la mtaa, kuhusu hilo, naye hakukataa.

Fedha nazo ni shida ya peke yake. Hajati hupokea shilingi 25,000 kwa mwezi ambazo serikali huwapa wenye umri wa miaka 80 na zaidi, na akizipokea huzigawa kwa wajukuu kabla hazijapoa. Gari la kukodi kwenda kliniki na kurudi huzimeza zote, kwa maana juu ya bodaboda hawezi kukaa.

Sasa ombi langu. Nataka safari hii Hajati atoke na karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, ambayo mimi nitaitafsiri kwa Kisoga kwa ajili ya jirani yetu anayempokea Shamim zamu. Iwe na dawa anazoendelea nazo na, kwa herufi kubwa, zile alizoachishwa. Namna ya kumgeuza kila saa mbili na kukiosha kidonda. Ni lini aketi, ni lini asimame na nani amshike. Na dalili za kumrudisha mara moja bila kungoja siku ya kliniki, yaani homa, mguu mmoja kuvimba, mkojo kuziba au kuchanganyikiwa upya. Chini kabisa pawe na jina na simu ya mtu mmoja wa wodini. Vilevile nitaomba maelezo yatolewe Shamim akiwepo, na sista asimuulize kama ameelewa, maana watoto wetu waliolelewa vizuri hujibu ndiyo kwa kila mkubwa. Amwambie amwonyeshe: amgeuze bibi mbele yake, ahesabu vidonge mbele yake. Kopo la majani ya chai nitalibeba mwenyewe mpaka mezani kwa daktari.

Niandikie rasimu ya karatasi hiyo, nakuomba. Unayajua maneno ambayo watu wa wodi hawatayakataa, na unajua yapi yatawafanya wahisi kwamba tumekuja kuwafundisha kazi. Nataka waione kama msaada, maana kweli ni msaada kwao pia.

Halafu nijibu haya. Nimwombe nani kwanza, sista mkuu wa wodi au daktari? Je, wodini kwenu Arua mna mtu anayekaa na jamaa kabla mgonjwa hajatoka, au nanyi mnatia saini tu na kitanda kinatandikwa? Choo chetu ni cha shimo, naye hawezi kuchuchumaa, hivyo nimemwomba fundi akate tundu kwenye kiti cha zamani chenye mikono ili ndoo ikae chini yake: kiti hicho kiwe na kimo gani ili magoti yasipite nyonga? Mpira wa mkojo tukubali atoke nao, au tung'ang'anie utolewe kwanza ionekane kama anaweza kukojoa mwenyewe? Kidonda kile tukioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa au kuna kilicho bora? Na wewe ungeweza kuzungumza na Baba Swabra, kwa upole, juu ya kumlipia Shamim ada ya muhula huu, kwa kuwa ameacha darasa kwa sababu ya kazi hii na hakuna aliyelisema?

Barua ikikuchelewa, piga kwa Mama Rukia Jumatano usiku, nitakuwa kwake baada ya Isha na kalamu mkononi.

Wasalimie wote, na umbusu Amina.

Nduguyo,
Madina