Barua ya wazi kwa vijana wa bunduki mliomcheka mwenzenu

Wanangu, asalaam alaykum. Asiyeitikia salamu hiyo, shikamoo yake nimeipokea.

Jumamosi ile kijiweni Mbagala nilinyamaza kwa sababu kahawa ilikuwa ya moto na nyinyi mlikuwa wengi. Leo naandika. Mwenzenu alirudi kutoka porini na leseni yake haijatumika. Akasema alimwona kuro dume, yule swala mkubwa wa kando ya maji, akamlenga, kisha akateremsha bunduki. Mlimcheka hadi muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe vyake. Mmoja akasema jamaa ana bunduki ya kupigia picha. Mwingine, ambaye nilimpakata akiwa mtoto na sauti yake naijua hata gizani, akasema, "Huyu kaambukizwa uzee wa mzee wetu."

Mzee mwenyewe ndiye mimi. Basi ngojeni niwaeleze huo uzee ulinipataje, maana mnavyouelezea nyinyi, mtu anaamka siku moja macho hayaoni, mkono unatetemeka, anaona aibu, anaanza kusingizia huruma. Macho yangu hayaoni kweli. Lakini bunduki nilianza kuiteremsha nikiwa bado naona.

Nilianza na gobole la baba, kusini ya Mto Rufiji, miaka ya sitini. Gobole hamjalishika nyinyi. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa ufito, unatia vyuma, unashindilia tena, halafu unaomba Mungu. Ukikosa, hadi umalize kushindilia upya mnyama yuko tarafa nyingine. Mimi sikuruhusiwa kulifyatua. Kazi yangu ilikuwa kukimbia na kisu. Kwetu mnyama asiyechinjwa ni kibudu. Masheikh walikuwa wakitufundisha kwamba ukimtaja Mungu wakati wa kufyatua inatosha, lakini nendeni mkamweleze bibi yangu maneno hayo. Yeye hakuwasha moto kabla ya kuuliza, "Kachinjwa?" Kwa hiyo nilikimbia. Funo akianguka, mimi nimeshafika, goti shingoni, bismillahi, kisu. Mara nyingi pumzi yake ya mwisho ilinipiga kifundo cha mkono, ya moto, kama mtu anayepuliza kijiko cha uji. Niliihisi na sikuifikiria. Nilikuwa nasikiliza watu wanavyosema nyuma yangu kwamba mtoto huyu ana mbio.

Mwaka 1973 Serikali ilifunga uwindaji nchi nzima, ikaja kuufungua 1978. Wakati huo nilikuwa tayari Temeke, nafanya kazi bandarini. Ulipofunguliwa nilirudi porini kama mtu anayefuturu bila kutafuna. Nilikuwa na shotigani yangu na raifo ya kuazima, na nilikuwa nahesabu. Ningeweza kukutajia msimu huu wangapi, msimu uliopita wangapi, na fulani kanizidi kwa wawili. Leo nikikaa barazani nikijaribu kuwakumbuka wanyama wale, nakumbuka hesabu tu. Sura hakuna.

Isipokuwa mmoja. Huyo sikumhesabu, kwa sababu sikumpata.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Daraja la Mkapa halikuwepo, limekuja kufunguliwa 2003, na aliyetaka kuvuka Rufiji kwa gari alipanda pantoni pale Ndundu. Pantoni likishafunga, umelala. Jua lilikuwa limeinama nilipompiga kongoni, naye akaenda. Kongoni ana roho ngumu, anaweza kukimbia na risasi kama vile kaumwa na mbung'o. Tulikuwa na mfuatanyayo, mzee wa kijiji cha jirani, mtu wa maneno machache. Alichuma jani lenye damu, akalisugua kwa kidole gumba, akanusa, akanipa na mimi ninuse.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna kati yenu ambao hawajafundishwa hili na wanamiliki bunduki za mamilioni. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi, nzito, ni ya ini. Hiyo kaa chini, subiri, kisha mfuate polepole, ukimkimbilia utamsukuma aende mbali. Damu kidogo yenye majimaji na vipande vya nyasi ni ya utumbo, na hapo umejinunulia kazi ya usiku na kesho yake, kwa sababu mnyama huyo atakufa, lakini atakufa kwa wakati wake.

Jani lile lilinuka kama machinjio ya Vingunguti asubuhi. "Utumbo," mzee akasema. "Tulale hapa." Nikatazama saa. Gari lilikuwa la watu, kazini nilitakiwa Jumatatu, pantoni haliningoji. Nikasema twende. Mzee hakubishana. Aliendelea kulishika lile jani hadi tulipofika kwenye gari, akalitupa pale kwenye tairi.

Nilivuka. Nilifika Temeke na swala pala wa asubuhi, nikagawa nyama, nikasifiwa. Na usiku ule nililala vizuri, niseme kweli. Kama mlitarajia nianze kulia hapa, samahani. Haikuniuma siku ile, wala mwezi ule, wala msimu uliofuata.

Ilikuja kuniuma kama miaka kumi baadaye, kitandani, hospitali. Nilikuwa na ngiri. Msicheke, si yule wa porini. Ilikuwa imekaza, utumbo umebanwa, na daktari wa kupasua alikuwa anasubiriwa tangu magharibi. Saa tisa ya usiku nilikuwa nimejikunja kwenye shuka, nauma mto, na bila kumtafuta, yule kongoni akaja. Si kwa ndoto, nilikuwa macho. Nilijua tu kwamba na yeye saa kama hii alikuwa amelala mahali fulani ng'ambo ya Ndundu, anasikia hivi hivi, na hakuna daktari aliyekuwa anasubiriwa. Kwangu huruma haikushuka kutoka mbinguni wala haikutoka kitabuni. Ilipanda kutoka tumboni.

Tangu hapo kila nikilenga naona kwanza kitakachofuata baada ya risasi. Saa ngapi sasa? Nyuma yake kuna nini? Miguu yangu inaweza kutembea hadi wapi? Nikijibu vibaya swali moja, nateremsha. Mwanzoni niliteremsha mara moja kwa msimu, baadaye mara nyingi, na sasa mnanibeba kama mgeni na mnaniwekea kiti.

Nina mpwa wangu anaendesha malori Marekani, jimbo la Wisconsin. Huko kila Novemba kuna siku tisa za kuwinda kulungu kwa bunduki, yule wa mkia mweupe, na wawindaji wanavaa rangi ya chungwa inayowaka ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Kulungu huyo hapa kwetu hayupo. Afrika nzima kulungu wa asili wa ukoo huo yuko kaskazini tu, kama Algeria na Tunisia. Jirani yangu Mkristo hushikilia kwamba ndiye ayala wa Zaburi, nami simbishii. Mpwa alinisimulia kuhusu walimu wawili wa chuo kikuu cha huko La Crosse, Robert Jackson na Robert Norton, ambao miaka ya sabini waliwahoji wawindaji zaidi ya elfu moja, wakaona mwindaji hupita vituo vitano. Kwanza anataka kufyatua tu. Kisha anataka kutimiza idadi anayoruhusiwa. Kisha anataka pembe kubwa. Kisha anajali mbinu, wengine hata wanaacha bunduki na kushika upinde. Mwisho anaridhika na kuwepo porini, apate asipate.

Niliposikia nilicheka, maana ni kama walinihoji mimi. Ila wana kosa, au tuseme kwetu mambo ni mengine. Kituo cha kwanza cha baba yangu hakikuwa kufyatua. Mtu wa gobole hana baruti ya kuchezea. Kilikuwa kitoweo. Na hicho cha mwisho si kila mzee anakifikia. Hapa mjini nawajua wazee wenye miaka sabini na pesa zao ambao bado wako kwenye pembe, ukutani hakuna pa kutundika na bado wanataka inchi mbili zaidi. Umri peke yake haumpeleki mtu kokote. Mimi nisingeumwa ningekuwa nao.

Sasa turudi kwa mwenzenu. Mlipotawanyika nilimwita, nikamuuliza kilichotokea. Akanieleza kuro alikuwa amempa mgongo kwa upande, jua limebaki kiganja kimoja juu ya miti, na hatua chache mbele yake kuna kichaka kinachoshuka mtoni. Akasema alimnusa kabla hajamwona. Hapo nikajua nazungumza na mwindaji, kwa sababu kuro ana harufu yake nzito ya mafuta ambayo mtu mwenye haraka haisikii. Hakumwogopa mnyama. Alihesabu saa, akahesabu kichaka, akaona akimgusa pabaya hatampata kabla ya giza. Hesabu hiyo mimi nilihitaji kongoni mmoja, miaka kumi na kisu cha daktari. Yeye ana miaka ishirini na tisa. Nyinyi mkamcheka.

Siwaambii muache. Nyama pori naila, na mkiniletea paja la swala sitawauliza lina umri gani. Mwindaji mzee anayegeuka mhubiri anachosha kuliko mwindaji kijana anayejisifu, na hao wa kurunzi usiku na wa kupiga kutoka ndani ya gari siwaandikii hapa, wao barua yao iko kwenye sheria. Nawaandikia nyinyi mnaofuata taratibu na bado mkikaa kijiweni kipimo chenu ni kimoja tu, karudi na nini.

Baba alikuwa na risasi moja, kwa hiyo gobole lenyewe lilimfundisha kungoja. Pori nalo lilikuwa kubwa. Nyinyi mna darubini juu ya mtutu, mna magazini, mna gari linalofika Ikwiriri kabla chai ya asubuhi haijapoa kwenye chupa, na pori limepungua. Sehemu kubwa ya lile pori la akiba tulilozoea kuliita Selous tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na humo hakuna kuwinda. Hakuna kifaa kilichobaki cha kuwazuia. Mtu aliyejizuia mwenyewe mkimfanya kichekesho, msimu ujao atapiga ili msimcheke, na atapiga saa kumi na mbili jioni, na mtaondoka kwa sababu gari ni la watu.

Najua kuna mtakaosema mzee kaandika marefu kwa ajili ya kuro mmoja aliye hai. Sawa.

Msimu ukifunguliwa Julai nitakuja kama kawaida. Kiti cha mbele ni changu, kwa ajili ya magoti. Tukimjeruhi mnyama jioni, tunalala palepale, na wa kazini Jumatatu apige simu mapema. Kile kisu changu cha mbio, mpini wake ulikuwa umeoza, nimeubadilisha kwa mpingo na nimekinoa. Mliyemcheka aje nyumbani akichukue, baada ya Alasiri, ila Ijumaa sipo.

Mzee wenu,
Mbagala