Shahada ya biashara na usanifu isidharauliwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba shahada ya uzamili inayounganisha biashara na usanifu, yaani ubunifu wa bidhaa na huduma, ni kupoteza muda. Institute of Design, shule ya usanifu iliyoko Chicago, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1937 na msanii László Moholy-Nagy, huwawezesha wanafunzi kusomea fani hizo mbili kwa pamoja, na faida yake, kwa maoni yangu, huonekana kazini: mhitimu anayeweza kuwahoji watumiaji, kuunda mfano wa bidhaa, kisha akakokotoa gharama na mapato yake, hushiriki katika maamuzi tangu mwanzo, badala ya kuletewa kazi ya kupamba yaliyokwisha kuamuliwa. Ada ni kubwa, nakubali. Hata hivyo, waajiri nao waweke vyeo vinavyomfaa mtu huyo, asilazimishwe kuchagua idara moja na kuacha nusu ya ujuzi wake.