Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Katuk

Ndugu wanachama wa bustani yetu, mama zangu na baba zangu,

Hesabu atazisoma mtunza hazina. Kwa kifupi: ada zimelipwa, isipokuwa za wachache wanaojijua, na mpira mpya wa maji umenunuliwa. Mimi nitazungumzia katuk, kichaka ambacho majani yake ni mboga.

Pingili zake tulipewa na majirani zetu Wavietnamu, ambao huiita rau ngót. Tulizichomeka kivulini, maana kichaka hiki ni cha misitu ya mvua ya Asia ya Kusini-Mashariki. Baridi ya Januari hapa Tampa, Florida, ikayaunguza matawi mpaka chini, na baadhi yenu mkataka tung'oe tupande bamia. Machi kikachipua kutoka mizizini. Juni kilikuwa kimenipita kimo.

Majani mabichi yana ladha ya njegere, na vilele vichanga ndivyo vitamu zaidi. Mama zetu wa Uvira na Bukavu wameyapika kama sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na karanga. Sisi wa pwani tuliyatia nazi, na sisemi nani alishinda. Wamalaysia huyakaanga na yai. Indonesia hupikiwa mama anayenyonyesha, maziwa yaongezeke. Matunda yake, meupe yenye wekundu kidogo, huning'inia chini ya matawi kama vipuli. Yanalika, ila watoto waliyachezea kuliko kuyala.

Sasa lililoniudhi. Agosti ulisambaa ujumbe katika kundi letu la WhatsApp: saga majani mabichi, kunywa kila asubuhi, kitambi kwaheri. Jamani! Taiwan walianza hivyo hivyo katikati ya miaka ya 1990. Watu walikunywa juisi ya katuk mbichi ili wapungue, kila siku, kwa wiki nyingi, na mapafu yakaharibika: vijia vidogo vya hewa viliziba kwa makovu yasiyopona. Wengine walifariki, wengine ikabidi wapandikizwe mapafu. Na majani ni haya haya ambayo watu wa Sabah, kule Malaysia, wanakula na wali bila shida, yakiwa yamepikwa, kiasi cha mboga.

Kwa hiyo kamati imeamua: hakuna kuchuma katuk ya juisi katika bustani hii. Kila kaya itapata fungu moja kila Jumamosi, la kupika. Mwenye kubisha anione mimi, asibishane kundini.

Wanaotaka kupanda nyumbani waje Jumamosi ijayo na ndoo yenye udongo. Nitakata pingili zenye unene wa kalamu.